Baba, Shangazi Ameanza Kutembea

Baba,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako nimemwachia Mungu, kwa hivyo nikupe yetu tu. Sisi huku Kibokoni tu wazima. Bado nauza mahamri na mbaazi pale barazani kila asubuhi. Paa la upande wa jikoni limezibwa, maji hayaingii tena. Mutiso angali na meza yake ya vinyago mbele ya Ngome ya Yesu, na akikutaja husema "mzee wangu" kana kwamba umekwenda markiti mara moja unarudi. Na dada yako, Shangazi Mwanakheri, aliyeninunia tangu siku tuliyokuzika, sasa hutembea nami kila asubuhi.

Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha kuandika. Nawe hukupenda habari inayoanzia katikati. Wageni wako uliwaanzishia kwa Wareno hata kama wameuliza tu choo kiko wapi. Basi nami naanza mwanzo.

Mwanzo ni ule mguu. Hukutuambia. Kazi yako ilikuwa kuwatembeza watu ndani ya Ngome, kupanda na kushuka, tangu kabla sijazaliwa, na mguu ulipoanza kukusumbua uliuficha kwa maneno. Ukipanda ile njia ya langoni, shavu la mguu wa kulia likikaza, unasimama na kuwaonyesha wageni kitu. Mwanzoni vilikuwa vitu vya kweli: mizinga, michoro ya mabaharia, kisima. Baadaye hata ukuta mtupu ulipata historia. Wageni walifurahi sana. Aliyekushtukia ni Mutiso. Alikuja barazani kununua mahamri, akangoja wateja wengine waondoke, akaniambia, "Mwanaidi, baba yako siku hizi anasimama kwa kila jiwe. Hiyo si hadithi. Huyo mzee anaumwa."

Nilipokuuliza ulinijibu, "Ni uzee, mwanangu. Wataka niruke kamba?"

Kumbe ulikuwa umeshaanza kujitibu kwa siri. Ile chupa niliikuta nyuma ya Msahafu wako, chupa ya plastiki yenye maji meusi, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono kwamba inafungua mishipa ya damu ndani ya wiki. Uliinunua Makadara kwa yule bwana mwenye spika, ambaye dawa hiyo hiyo moja aliiuzia macho, mgongo na nguvu za kiume. Mishipa haikufunguka. Lililofunguka ni tumbo. Ulilala kitandani ukiwa huna hata nguvu za kunikemea, nami nikaimwaga uani ukinitazama dirishani.

Hata hapo hukutaka hospitali. Kilichokupeleka ni kidole. Ulijikwaa kwenye ngazi ya mlango, kidole kikachubuka, jambo dogo ambalo mtu hulisahau kabla ya chakula cha mchana. Lakini kidonda hakikupona. Kikakaa, kikageuka rangi, na mguu wenyewe ulikuwa wa baridi nilipoushika, katika joto la Mombasa hii. Tangu Mama alipotangulia tulibaki wawili mle ndani, na nikaogopa. Nikaita tuktuk, nikakwambia ama uingie ama nipige kelele mtaa mzima usikie.

Unamkumbuka yule daktari wa kike pale kliniki, alivyokupima presha mkononi kisha akakupima tena kwenye kifundo cha mguu. Ulimwuliza kama amepotea njia. Hakucheka. Alikwambia presha ya mguuni ni ndogo mno kuliko ya mkononi, maana yake mishipa inayoshusha damu imekuwa myembamba, na kidole kile hakiponi kwa sababu damu haikifikii vya kutosha. Ukauliza, "Kisipopona?" Akasema, "Kisipopona tunakata, mzee. Na tukianza kukata, huwa hatujui tutasimama wapi."

Ukavua kofia, ukakifunika kidole kile nayo.

Kisha akakupa masharti. Vidonge vya kuzuia damu isigande na vya presha, kila siku, hata ukijihisi mzima. Kidonda kisafishwe na yeye akione. Sigara, basi. Chakula kibadilike. Na kidonda kikishapona, utembee. Utembee mpaka maumivu yakuzidi, usimame yatulie, uendelee. Hapo ukainua kichwa. "Binti yangu, mimi nimekuja hapa kwa sababu nikitembea naumwa. Sasa dawa yenyewe ndiyo kutembea?" Akakujibu, "Ndiyo, mzee wangu. Ndiyo hiyo hiyo." Akakueleza kwamba Ndia Kuu ikifungwa kwa harusi watu hawalali njiani, hupita vichochoroni, na damu nayo, ukiisukuma kila siku, hutafuta vichochoro vyake mguuni. Mfano ule uliupenda. Baada ya hapo nilikusikia ukiwapa watu mtaa mzima kama wako.

Sigara ndiyo ilikuwa vita. Pakiti ulimpa Mutiso, asiyevuta, akaitia kwenye pipa la taka mbele yako, ukamnunia siku kadhaa kana kwamba amekuulia mtu. Nyumbani uligombana na birika, na mlango, na redio. Ukatafuna karafuu mpaka chumba chako kikanukia kama jiko la pilau. Lakini hukuvuta tena. Nasema hili kwa sababu watu huuliza mchuzi gani ulikusaidia, mti gani, jani gani, na hakuna anayeniuliza habari ya sigara. Daktari aliniambia katika vyote tulivyofanya, hicho ndicho kilichokuwa kikubwa.

Jikoni nako hakukuwa na amani. Nilipunguza chumvi nikakamulia ndimu. Tui zito likawa la Ijumaa peke yake. Samaki wa kukaanga akawa wa kuchoma, na nikawa nakununulia vibua na dagaa badala ya nyama. Mchunga, mboga chungu uliyoikimbia tangu utotoni, uliula umefumba macho. Asubuhi nilikuwekea viazi vitamu vya kuchemsha, nawe ukavila huku ukiyatazama mahamri ya wateja kwa huzuni ambayo ilinifukuzia wateja wenyewe. Ulisema, "Nimezaa askari jela." Lakini ulikula.

Na kwa kuwa hukuweza kufanya jambo nusu, ukaongeza lako. Mtu alikwambia kitunguu thomu husafisha damu. Nami nilikuwa nakitia kwenye mchuzi, na tangawizi na bizari pia, kama tulivyopika siku zote. Hiyo hukuiona dawa. Ukawa unabugia thomu mbichi asubuhi na jioni, pamoja na maji ya tangawizi makali, juu ya vidonge vya daktari. Hata Ijumaa moja ukajikata kidogo ukinyoa ndevu, damu ikakataa kusimama, na pua nayo ikaanza, kanzu nyeupe yote ikaharibika. Tulirudi kliniki mbio. Daktari alikusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee, thomu kwenye sufuria sina ugomvi nayo. Lakini damu yako sisi tumeshaifanya isigande upesi. Wewe ukiongeza hivi, itatafuta pa kutokea. Sikukatazi dawa za kwenu. Nataka tu uniambie unakunywa nini." Ulitoka pale mpole. Tangu siku ile ukawa unamtajia kila kitu, hata chai ya mdalasini, mpaka akakuomba upunguze maelezo.

Kidole kilipona. Kilichukua muda mrefu, nami nilikuwa nakitazama kila asubuhi kama mtu atazamaye mkate wa mofa usiungue. Kikafunga, ngozi mpya ikaja, na daktari akasema, "Sasa viatu."

Siku ya kwanza hatukufika mbali. Tulitoka baada ya swala ya alfajiri, tukafika kwenye kona ya msikiti, ukashika ukuta. Tukangoja. Tukaenda kidogo tena, ukashika ukuta mwingine. Watu waliokuwa wakitoka msikitini walitusalimu na kutusalimu tena kwa kuwa tulikuwa hatujatoka pale pale. Uliona haya. Nilijua kwa sababu ulianza kunieleza milango, huu umechongwa na nani, ule una maua gani. Nikakwambia, "Baba, mimi si mtalii. Ukiumwa sema naumwa." Ukasema, "Naumwa." Nikasema, "Haya, tusimame." Ikawa ndiyo desturi yetu.

Kutoka kona ya msikiti tukahamia duka la halua, kutoka duka la halua tukafika Ngome, na kutoka Ngome, miezi ikipita, tukafika ufukoni kwenye mnara wa taa. Mutiso alijiunga nasi. Alisema amekuwa akikaa kitako kuuza vinyago tangu aje kutoka Ukambani, na amechoka kufanana navyo. Tulikuwa watatu, wewe na kofia yako, yeye na koti lake hata kwenye jua, na mimi na buibui langu na viatu vya raba.

Kisha ile siku uliyoniambia nifunge biashara mapema, tunakwenda Ngomeni. Miaka yote ile, Baba, hukuwahi kunitembeza mimi. Ulinipitisha langoni kama mgeni. Ulipanda ile njia bila kusimama. Ukanizungusha juu ya kuta, kwenye mizinga, nyumba ya Waomani, ukashuka ngazi, ukapanda tena. Maelezo yako yalikuwa mafupi mpaka nikashangaa. Juu kabisa, upande wa bahari, mimi ndiye niliyekuwa nahema nimeshika ubavu. Ulinitazama ukacheka mpaka ukavua kofia. "Sasa mgonjwa ni wewe," ukasema. Ukarudi kazini wiki ile. Na ulifanya kazi muda mrefu kuliko nilivyothubutu kuomba.

Asubuhi ile ya mwisho tulirudi kutoka mnara wa taa. Hatukwenda mbio, hatukwenda mbali zaidi, tulikwenda kama siku zote. Mutiso akatuacha pale penye meza yake. Uliketi barazani, ukavua kiatu kimoja, ukasema, "Mwanaidi, niletee maji." Nilipotoka nayo...

Basi. Nilikuvua kile kiatu kingine mimi.

Tulikuzika baada ya Alasiri. Watu walijaa mpaka barabarani, waongoza watalii wote walikuja, na Mutiso alisimama ukutani makaburini mpaka mwisho, kofia mkononi. Jioni, nyumba imejaa wanawake, Shangazi Mwanakheri akasema mbele yao wote, bila kupaza sauti, "Kaka yangu hakufa kwa maradhi. Ametembezwa." Hakunitazama. Hakuwa na haja. Kila mtu alijua ni nani aliyekuwa akikutembeza.

Nikaendelea kugawa kahawa. Shaka hiyo na mimi nilikuwa nayo. Matanga yalipoisha nilikwenda kwa daktari. Sikwenda kulia, nilikwenda kuuliza. Nikamwuliza, "Tulimwua?" Akafunga mlango, akaketi karibu nami. Akasema mishipa ya mguu na ya moyo ni ya mtu mmoja, na ugonjwa ulioziba huku huwa unaziba na kule. Kutembea kwa taratibu vile hakukukuua. Akasema hawezi kuniambia ungeishi muda gani bila yale tuliyofanya, wala hatanidanganya. Lakini mguu ule aliuogopea sana siku ya kwanza, na hukukatwa hata kidole.

Kisha akaniuliza jambo, Baba, ambalo silimalizi mpaka leo. Aliniuliza, "Aliwahi kukwambia kifua kinambana?" Nikasema hapana. Naye hukumwambia. Wewe uliyemtajia mpaka mdalasini. Labda hakikubana, labda kilikuja mara moja ile ile. Au labda kilibana, kule kwenye mnara wa taa, siku uliyonionyesha meli na kunieleza bendera yake kwa urefu... Sijui. Hakuna wa kumwuliza. Sikulaumu. Nakwambia tu kwamba ndilo linaloniamsha.

Kabla sijatoka akanipima na mimi. Presha iko juu. Nilicheka, akashangaa. Nikamwambia nilikwishaambiwa, juu ya ukuta wa Ngome.

Nilimpelekea Shangazi maneno ya daktari. Alinisikiliza kupitia mlango ulio nusu wazi. "Huyo daktari hakuzaliwa na Omari," akasema. "Mimi nimezaliwa naye." Akafunga. Nami nikaacha kutembea. Kila nikitazama njia ya Ngome naiona kona moja baada ya nyingine, na kila kona uliushika ukuta. Asubuhi moja Mutiso akaja barazani na lile koti lake, akasema, "Mimi naenda. Sitakuvuta. Ukitaka, twende." Akaondoka. Nikayafunika mahamri ya mteja kwa sahani nikamfuata. Tukatembea mpaka Ngome, tukarudi.

Sasa sikiza habari ya dada yako. Siku moja nilikuwa dirishani juu, nikamwona Shangazi anakuja kichochoroni kutoka markiti, kikapu mkononi. Akasimama duka la kwanza, akashika leso, akaisoma jina, ile methali yake. Akaenda kidogo. Akasimama duka la pili, akashika leso nyingine. Duka la tatu halina leso, lauza ndoo. Akasimama akazitazama ndoo. Baba, dada yako ana ndoo za kutosha. Na alikuwa amesimama mguu mmoja umeinuliwa kidogo, kisigino hakigusi chini.

Sikumbuki nilivyoshuka ngazi. Nilisimama karibu yake nikazitazama ndoo na mimi. Alinisikia nikihema. Tukakaa hivyo, mpwa na shangazi wasiosemezana, tukichagua ndoo. Kisha nikamwambia, "Shangazi, shavu la mguu lakuuma?" Akasema, "Nanunua ndoo." Nikasema, "Baba alinunua kuta zote za Ngome." Akaacha kuzitazama ndoo. Uso wake ukabadilika, akaonekana mdogo, akafanana na wewe mpaka nikashika mlango wa duka. Akasema, polepole, "Wataka kuniua na mimi?" Nikamwambia, "Nataka upimwe. Ukishapimwa nenda zako."

Alipimwa. Ni yale yale, lakini wake umeanza juzi juzi, kidonda hana, na sigara hakuwahi kuvuta. Huvuta kwa meno: ile tambuu na tumbaku yake. Daktari akamwambia tumbaku ni tumbaku, ya moshi na ya kutafuna. Umjuavyo, hajaacha yote. Amepunguza, na anayobakiza huificha, nami huijua kwa rangi ya mdomo wake. Tunaendelea kugombana. Kuhusu tui la nazi amekataa katakata mazungumzo.

Lakini anatembea. Wiki ya kwanza alinifuata nyuma, asionekane yuko nami. Mutiso humwita "Mama Mkubwa" naye humjibu kwa kumkosoa Kiswahili chake. Nimeongeza sufuria moja barazani, kunde za tangawizi na nyanya zisizo na tui, nilianza kumpikia yeye na sasa wateja wanaziulizia. Wanawake wawili wa mtaa wa nyuma wametuomba kuja nasi. Nimewaambia kwanza wakapimwe, ndipo waje. Vidonge vyangu nameza. Presha imeshuka, si sana, imeshuka.

Hajaniomba msamaha, wala sijamwomba auombe. Juzi tulikuwa tumekaa kupumzika karibu na Ngome, mwanamke mmoja wa msikitini kwake akapita, akamwambia kwa huruma ya uongo, "Mwanakheri, nawe waanza mambo yaliyommaliza ndugu yako?" Nilitazama chini. Shangazi akajifunga ushungi vizuri, akamjibu, "Ndugu yangu alikwenda kaburini na miguu yake yote miwili, na alikwenda Ngomeni kwa miguu hiyo. Wewe ngazi za nyumba yako wazipandaje?" Kisha akainuka tukaendelea. Hakunigeukia. Kufika mbele kidogo, mahali pasipo na duka wala mlango wa kutazama, akasimama katikati ya njia akasema, "Mwanaidi. Naumwa. Nisubiri."

Nikamsubiri.

Baba, sitakuahidi makubwa. Sitakuahidi kuacha mahamri, ni kazi yangu, na moja moja nitakula. Ninachokuahidi ni kwamba dada yako hatatembea peke yake maadamu mimi nina miguu, na kwamba mimi nikiumwa, mguu, kifua, popote, nitasema siku hiyo hiyo, kwa mtu aliye karibu, hata kama ni mteja. Hilo nitalifanya kwa ajili yako, na kidogo kwa hasira juu yako.

Ijumaa tutakuja kukusomea, mimi na yeye. Tutakuja kwa miguu, kwa hivyo tutachelewa. Mungu akupanulie hapo ulipo, akukutanishe na Mama, na akupe mtu wa kumsimulia.

Alfajiri imeshaadhiniwa. Shangazi yuko chini anagonga mlango kwa fimbo yake ya mkwaju, ameshaniita mara ya pili na anasema jua halitamngoja mtu. Acha nivae viatu.

Mwanao,
Mwanaidi